Kuti Kavu

Ulibisha hodi saa nne, kijana wa makumbusho,
daftari kwapani, viatu vimejaa vumbi la Majengo,
ukasema umetumwa kuhesabu mapaa ya makuti
yaliyosalia kisiwani.
Nikakwambia: karibu, hesabu. Anza na moja.
Ukifika mbili, nifahamishe.

Jina nikakupa: Mwanamkuu binti Shekue.
Vyumba, sita, na ukumbi
wa kupitisha jeneza bila kuliinamisha.
Kuta, udongo na mawe, hupakwa chokaa kila Shaabani,
isipokuwa ule mwaka wa msiba.
Kisha ukauliza umri wa paa
na hapo kalamu yako ikakwama,

kwa sababu kipaa cha mbele kina miaka mitatu,
cha nyuma mitano, kimeanza kuoza pembeni,
na paa lenyewe lina themanini na ushei.
Usinitazame hivyo.
Hakuna kuti hata moja hapo juu lililomwona marehemu baba,
wala upau. Labda boriti mbili za mkoko
na ule mwamba uliopinda kama mgongo wa paka.
Lakini fundo ni lile lile.

Fundo lilikuja na Mwachirenje, Mdigo wa ng'ambo ya Likoni,
aliyevuka feri na makuti ya viungo mia tatu
vichwani mwa vibarua wanaozozana.
Akamfunza Nyawa mwanawe: kamba ya makumbi
chini ya upau, juu, chini, vuta kwa meno, kata.
Sasa Nyawa ana goti bovu,
hupanda akilaani kila kipandio.
Na mwanawe Nyawa hufunga madishi ya televisheni.
Juzi alikuja kunifungia langu,
akaizunguka nyumba mara mbili
akakosa pa kupiga msumari.

Usiandike uzuri peke yake. Andika panya.
Andika vumbi jeusi linaloangukia pilau mbele ya wageni.
Andika usiku ule nyumba ya kina Bwanaheri iliposhika moto
tukapanda na ndoo, tukalimwagia paa letu maji hadi alfajiri
kama mgonjwa wa homa,
na kulipokucha majirani wanne wakaenda kununua mabati.
Sikuwalaumu.
Mimi mwenyewe, pale jikoni, nina mabati matatu.
Ukipiga picha, simama upande huu.

Ndugu yangu hupiga simu kutoka Doha:
"Dada, umekalia kuti kavu. Tuibomoe, tupandishe ghorofa."
Ndivyo wasemavyo watu wote,
kana kwamba kazi ya kuti kavu ni kuangusha.
Aliyetunga msemo huo alikuwa mgema, hakuwa mwezekaji.
Juu ya mnazi, kuti kavu ni mauti.
Chini yake nimezaa watano.

Ukafika safu ya mwisho ya fomu yako, thamani,
nami nikawa napiga hesabu kimoyomoyo,
makuti, nauli, chai ya vibarua, dawa ya goti la Nyawa,
mara mvua ikashuka,
ile ya mwezi wa tano isiyojua hodi.
Mtaa mzima mabati yakapiga kelele.
Nikamwona Mishi wa ng'ambo ya njia, dirishani,
amenyamaza katikati ya neno,
mkono hewani, akingoja.

Nawe, kwa mazoea ya kwenu, ukapaza sauti:
"Bi Mwanamkuu! Nilikuwa nauliza! Thamani!"
Mbona wanipigia kelele, mwanangu?
Hapa mvua haimkatizi mtu.

Ukatazama juu. Ukasikiliza
kile kitu kama mchele unaopetwa chumba cha pili.
Ukauliza tena, polepole, karibu kwa kunong'ona,
na kabla sijajibu, kipaa cha nyuma, nilikokwambia,
kikapenyeza tone moja, likatua gotini pako.
Nikasogeza sufuria.
Nawe ukasogeza kiti.